Shukrani za Awali

Iko nchi moja ambayo jina lake nimelisahau, na wewe msomaji kama unalikumbuka, tafadhali kaa nalo moyoni. Ni nchi nzuri sana. Ina milima, ina wimbo wa taifa wenye beti sita, na ina Wizara ya Ajira yenye ghorofa kumi na moja ambamo kila mtu ana kazi.

Watu wa nchi hiyo wana desturi ambayo sijaiona kwingine: wanashukuru kwanza, kisha ndipo wanangoja kupewa. Ukialikwa kula kwao, unashukuru kwa kushiba ukiwa bado unanawa mikono. Zamani ilikuwa adabu ya nyumbani tu, ya kumtia moyo mpishi. Kisha viongozi wakaipenda. Wakazi wa kata ya Mabombani, ambako haya ninayoyasimulia yalitokea, waliwahi kuandamana kwa ngoma na vigelegele kuishukuru serikali kwa kuwajengea kituo cha afya, wakati hata msingi haujachimbwa. Mwaka uliofuata walipokwenda kuuliza kituo kiko wapi, walionyeshwa picha zao wenyewe wakishangilia, wakaambiwa kwamba serikali haijengi kitu kimoja mara mbili. Wakarudi nyumbani wakisema kwamba angalau picha zilitoka vizuri.

Huko Mabombani ndiko alikozaliwa Nyamizi Kasanda, fundi pampu. Alikuwa na miaka ishirini na sita na cheti cha ufundi wa pampu za maji alichokipata kwa kuwa wa kwanza darasani. Siku ya mahafali mwalimu wake, Mzee Barnaba, alimpa spana yake mwenyewe, ile kubwa aliyoitumia miaka thelathini, akamwambia aitunze kuliko cheti, kwa sababu cheti hakifungui nati. Nyamizi alichora jina lake kwenye mpini kwa msumari. Baada ya hapo akakaa miaka minne akitafuta kazi.

Si kwamba nchi ile ilikosa pampu mbovu. Zilikuwa nyingi kuliko nzima, na ya Mabombani yenyewe ilikuwa na mwaka wa tatu tangu ife. Kilichokosekana ni barua ya kumruhusu mtu azitengeneze kwa mshahara, na barua hiyo ndiyo kitu pekee ambacho Nyamizi alikitaka duniani. Mama yake alikuwa ameshamnunulia faili la plastiki la kuihifadhi, lenye kifungo, na alilipangusa vumbi kila Jumamosi.

*

Mwaka ninaousema, Wizara ilipiga marufuku maombi ya kazi kwa karatasi, ikisema inalinda misitu. Masanduku ya maombi yaling'olewa ofisi zote za wilaya, na kwa kuwa yalikuwa ya mninga safi, Waziri alitengenezewa meza. Tangu siku hiyo kijana mwenye kutafuta kazi alitakiwa ajitangaze kwenye Ukurasa wa Taifa wa Ajira kwa video isiyozidi dakika moja, na wananchi wampigie mioyo. Mwenye mioyo mingi ndiye mwenye sifa. Waziri alieleza kwamba huo ndio uwazi, maana kila mtu anaona.

Vijana wakaingia mtandaoni kwa nguvu zote. Mmoja aliyeomba kazi ya kuhudumia chumba cha maiti alicheza muziki juu ya pikipiki inayokwenda, akapata mioyo elfu arobaini, akapangiwa kuwa mhasibu wa mkoa. Mwanasheria mmoja alimenya chungwa kwa mkono mmoja bila ganda kukatika, na mpaka leo ndiye mganga wa mifugo wa wilaya yake. Wiki ya pili kazi zikaisha, lakini ukurasa haukufungwa, na vijana waliendelea kucheza na kumenya.

Nyamizi naye alijaribu. Video yake ya kwanza ilionyesha namna ya kukata ile ngozi ya duara inayovuta maji ndani ya pampu. Ilitazamwa mara kumi na moja, na kati ya hizo mara tano ni yeye mwenyewe akihakikisha kama imeingia. Ya pili ilitazamwa mara tisa. Kwenye komenti mtu mmoja alimwandikia kwamba ana dawa ya kung'arisha nyota, na mwingine akamuuliza kama ameolewa.

Aliyekuwa akimpa moyo wakati wote huo ni Devota Mlelwa, shoga yake wa tangu darasa la kwanza. Devota alisomea utunzaji wa kumbukumbu, na yeye pia alikuwa anatimiza mwaka wa nne wa kukaa nyumbani. Wawili hawa waligawana kila kitu. Mmoja akinunua bando la intaneti alimwashia mwenzake, wakakaa wameegemea ukuta mmoja mpaka liishe. Blauzi ya usaili ilikuwa moja, nyeupe yenye kola, na aliyeitwa ndiye aliyeivaa. Walikuwa wameahidiana kwamba atakayetangulia kupata kazi atamvuta mwenzake, na ahadi hiyo waliirudia mara nyingi kwa sababu ndiyo iliyokuwa inawapa usingizi.

Siku moja Devota alizitazama zile video mbili mpaka mwisho, akairudisha simu polepole.

"Watu hawataki kuona pampu, shoga yangu," alisema. "Wanataka kuona maji."

Nyamizi akaona ni kweli. Wakaamua waifufue pampu ya mtaa. Nati alizifungua kwa spana ya Mzee Barnaba, kutu ikamjaa mikononi mpaka kwenye viwiko, na vyuma vyote alivikuta vizima isipokuwa ile ngozi, ambayo ilikuwa imeoza. Ngozi nyingine hawakuwa nayo. Devota aliingia ndani kwao, akatoka na mkoba wake wa ngozi aliopewa na shangazi yake alipomaliza chuo, akamwambia Nyamizi akate. Nyamizi alikataa mara mbili. Devota akachukua mkasi, akaanza kukata yeye mwenyewe, na jioni ile pampu ikatoa maji.

Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye utataka kumchukia Devota, nami sitakuzuia. Ila ujue kwamba mkoba ule aliukata kwa mkono wake, na hakuwa na mwingine.

*

Serikali ya nchi hiyo ilikuwa imeahidi ajira milioni moja kabla ya Siku ya Uhuru. Zilipobaki wiki sita, uchunguzi ulionyesha kwamba zimepatikana ajira mia tatu na nne. Mia tatu ni za watu walioajiriwa kuzihesabu, na nne ni za yule wa pikipiki, yule wa chungwa, na wengine wawili ambao hawakutaka kutajwa.

Serikali nyingine ingefadhaika. Hii haikufadhaika. Waziri wa Ajira aliitisha mkutano uwanjani, akapanda jukwaani akiwa na miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kuangalia mbali, na akauliza swali.

"Ndugu wananchi, ninyi mmewahi kumwona mtu mwenye akili timamu akishukuru kwa kitu ambacho hajapewa?"

Wananchi, ambao walikuwa wameshaishukuru hotuba hiyo kabla haijaanza, walijibu kwamba hawajawahi.

"Basi anayeshukuru, amepewa," alisema Waziri. "Na kama amepewa, hatuna sababu ya kuzunguka nchi nzima tukizitafuta ajira ziliko. Tutahesabu shukrani."

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Wataalamu waliokaa nyuma yake waliandika haraka haraka, na mmoja wao, profesa wa takwimu, alifuta machozi. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa kampeni ya Shukuru Kwanza. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Mtafuta kazi alijirekodi akitaja jina lake na ujuzi wake, akasema kwamba ameajiriwa, kwamba ameshaanza kazi, na kwamba ana furaha. Barua ingemfuata ndani ya siku kumi na nne za kazi. Siku ya kazi, kwa mujibu wa kanuni, ni siku ambayo Waziri yuko ofisini.

*

Habari hizi zililetwa Mabombani na Devota. Alikuja asubuhi amejifunga khanga mpya, ana mwongozo wa kampeni kwenye simu, na alikuwa na haraka ambayo Nyamizi aliichukulia kuwa ni furaha. Nyamizi aliusoma mwongozo mara mbili. Kitu fulani kilimkaa vibaya rohoni.

"Nishukuru kwa kazi gani, Devota, na mimi sijaipata?"

"Ukishukuru ndiyo inakuja. Mbona chakula unashukuru kabla hujala?"

Hilo Nyamizi hakulibishia, maana ndivyo alivyolelewa. Aliuliza tu kama Devota ameshatuma yake. Devota alisema atarekodi kesho, leo mwanga ni mzuri na haifai kuupoteza kwa watu wawili. Akampangusa Nyamizi kutu shavuni kwa ncha ya khanga, akamvalisha ile blauzi nyeupe, akamsimamisha kando ya pampu na spana mkononi.

Walirekodi mara tatu. Mara ya kwanza Nyamizi alisema anatarajia kuanza kazi, na Devota akamwambia aondoe hilo neno la kutarajia, mitambo ya Wizara hailipokei. Mara ya pili alitabasamu kupita kiasi. Mara ya tatu ilitoka sawasawa. Nyamizi alibonyeza mpini wa pampu, maji yakaruka meupe kwenye jua, naye akasema yale ambayo Devota alikuwa amemwandikia kwenye karatasi:

"Naitwa Nyamizi Kasanda, fundi pampu. Naishukuru serikali yangu kwa kuniajiri. Nimeshaanza kazi, nina furaha, na maji haya ndiyo ushahidi."

Devota aliituma hapohapo.

*

Video ilisambaa kwa namna ambayo mwenye kumenya chungwa hajawahi kuiota. Siku ya tatu ilikuwa na mioyo laki mbili. Siku ya tano Waziri mwenyewe aliiweka kwenye ukurasa wake, akaandika chini yake kwamba wale wanaosema vijana hawana kazi waje wanywe maji. Picha ya Nyamizi na spana yake ikapandishwa kwenye bango la barabara kuu, kubwa kuliko nyumba yao.

Mabombani ilisherehekea. Mama yake alichinja kuku wawili, akalitoa faili la plastiki, akaliweka juu ya meza mahali pa kuonekana. Kanisani Nyamizi alitakiwa asimame apigiwe makofi, akasimama. Nyamizi alikuwa akipigiwa simu na watu ambao hawakuwahi kumpigia, wakimwita bosi. Alijibu kwamba anangoja barua, nao walicheka, wakasema wakubwa siku hizi wana unyenyekevu.

Barua haikuja. Waziri alikuwa ziarani ng'ambo kujifunza jinsi nchi nyingine zinavyoshukuru, kwa hiyo mwezi ule ulikuwa na siku mbili tu za kazi. Nyamizi alijipa moyo. Lakini vibarua vidogovidogo vilivyokuwa vikimlisha vilianza kukauka. Shule moja ya misheni, ambayo ilikuwa ikimwita kila pampu yao ilipogoma, ilimwambia kwamba sasa yeye ni mtumishi wa umma, na kumpa chochote mkononi ingekuwa rushwa. Mzee mmoja alimwita aje bure, kwani si analipwa. Alipojaribu kutuma maombi mapya kwenye Ukurasa wa Taifa, ukurasa ulimjibu kwa picha ya maua na maneno kwamba ameshaajiriwa, hongera sana, awaachie wengine nafasi.

Alimtafuta Devota amshauri. Devota alikuwa na shughuli. Siku nyingine simu iliita tu, na siku nyingine alikuta ameondolewa kwenye kundi lao la simu la wanaotafuta kazi, kwa maelezo kwamba kundi ni la wasio na kazi. Aliyemtoa ni msimamizi wa kundi, na msimamizi wa kundi alikuwa Devota. Nyamizi alimtetea moyoni, akasema labda alibonyeza kwa bahati mbaya.

Siku ya Uhuru ilifika. Waziri alitangaza ajira milioni moja, laki moja na sabini na mbili. Nyamizi alisikiliza redioni na mama yake, na mama akampa mkono, kwa kuwa binti yake alikuwa mmoja wa waliohesabiwa.

*

Siku ya sitini na mbili bahasha ya kaki iliingia Mabombani kwa mkono wa tarishi. Ilikuwa na muhuri. Mama alinawa mikono kabla ya kuishika. Nyamizi aliifungua kwa kisu ili isichanike, akaisoma kimya, akairudia kwa sauti. Wizara ilimtaka afike mbele ya Kamati ya Nidhamu ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu kwa kutohudhuria kazini siku sitini na moja mfululizo bila ruhusa.

Mtu wa nchi nyingine angelia. Mama yake Nyamizi alipiga kigelegele.

"Kumbe kazi ipo," alisema. "Mwanangu, kazi ipo, ni wewe tu hujaenda."

Na Nyamizi akaliona hilo. Wizara haiwezi kumtafuta mtoro wa kazi isiyokuwepo. Mahali fulani pana kituo, pana pampu, pana kitabu cha mahudhurio chenye jina lake na mistari sitini na moja mitupu. Alichotakiwa kufanya ni kwenda kuomba radhi na kuuliza ni wapi. Ile barua iliingizwa kwenye faili la plastiki, kifungo kikafungwa. Siku ya kikao alivaa blauzi nyeupe, akachukua na spana, ili wakimpangia kazi siku hiyohiyo asiwe na sababu ya kurudi nyumbani.

Kamati ya Nidhamu iliongozwa na Bwana Kilindo, mtu mwenye sifa ya haki kiasi kwamba katika miaka kumi na tisa hakuna mshtakiwa aliyelalamika kupendelewa. Walikaa watatu, na birika la chai. Nyamizi aliwaamkia, akashukuru kwa kusikilizwa, kisha akangoja asikilizwe.

"Kituo chako cha kazi ni kipi?" aliuliza Bwana Kilindo.

"Ndicho nilichokuja kuuliza, mheshimiwa."

Bwana Kilindo alimgeukia karani. "Andika kwamba mtumishi hakifahamu hata kituo chake cha kazi."

Nyamizi alieleza kwamba hajapewa barua. Aliambiwa kwamba barua hupewa wanaoripoti kazini. Alieleza kwamba hakujua aripoti wapi. Aliambiwa kwamba hilo huandikwa kwenye barua. Wajumbe walitazamana kwa huruma, wakajiongezea chai. Kwa subira kubwa mjumbe wa kushoto alimuuliza kama anakana kuwa ameajiriwa, na Nyamizi, akiona mlango mdogo, akasema ndiyo, hajawahi kuajiriwa siku hata moja, ile video alishauriwa tu kuitengeneza.

"Mwite shahidi," alisema Bwana Kilindo.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Devota. Alivaa kitambulisho cha kamba ya bluu shingoni kilichosema Mratibu wa Shukrani, Kata ya Mabombani. Alikuwa na viatu vipya, na mkobani, maana alikuwa na mkoba mpya vilevile, alitoa daftari. Nyamizi alitabasamu alipomwona. Alidhani shoga yake amekuja kumsaidia, na tabasamu lile lilikaa usoni mwake muda mrefu kuliko lilivyostahili.

Devota alisoma bila kuinua macho. Alithibitisha kwamba alimrekodi mtumishi kwa simu yake mwenyewe. Mtumishi alikuwa na akili timamu. Hakulazimishwa. Alisema ameajiriwa na ameshaanza kazi, na shukrani yake ilikuwa ya thelathini kati ya zile shahidi alizozikusanya, ambayo kwa mujibu wa mwongozo, ukurasa wa mwisho, ndiyo iliyomwezesha shahidi kuajiriwa kuwa mratibu.

Ukurasa huo Nyamizi hakuwahi kuonyeshwa. Alisimama pale akihesabu nyuma: khanga mpya, haraka ya asubuhi ile, ile ahadi ya kurekodi kesho. Alikumbuka jinsi alivyopanguswa shavu. Hakupandwa na hasira kwanza, alipatwa na aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyeiba kitu. Kisha ikamuuma. Ilimuuma mpaka akashika ukingo wa meza ya wajumbe, na birika likatikisika.

"Devota," alisema, "video yako wewe iko wapi?"

Karani aliacha kuandika. Bwana Kilindo ndiye aliyejibu, kwa upole, kwamba mratibu hatakiwi kushukuru, kwa kuwa yeye amepata kazi kweli.

*

Nyamizi alifukuzwa kazi saa sita na robo mchana. Kwa kuwa aliyefukuzwa kazi serikalini haruhusiwi kuomba tena kwa miaka mitano, Bwana Kilindo alimtakia mapumziko mema. Nafasi yake ilitangazwa kuwa wazi na ikajazwa jioni hiyohiyo na kijana wa kata ya jirani, aliyeshukuru kwa video nzuri sana akiwa kando ya pampu ambayo hakuwa amewahi kuigusa. Wizara ikazihesabu kuwa ni ajira mbili.

Kabla hajatoka alitakiwa akabidhi vifaa vya kazi. Nyamizi alisema hakupewa hata msumari. Wajumbe wakaiweka video mezani, wakaisimamisha pale alipoinua mkono, na wote wakaiona spana. Alisema ni yake, alipewa na mwalimu wake, jina lake limo kwenye mpini. Mjumbe wa kushoto aliipokea, akalisoma jina, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kwenye kumbukumbu waliandika kwamba mtumishi pia aliharibu mali ya serikali kwa kuichora jina lake.

Aliyesaini kuipokea ni Devota, kwani utunzaji wa kumbukumbu ndio aliousomea. Aliandika vizuri, kwa mwandiko ule ambao Nyamizi aliufahamu tangu darasa la kwanza. Walipopokezana, vidole vyao viligusana kwenye chuma. Devota alisema kwa sauti ya chini kwamba na yeye alikaa miaka minne.

"Tulikaa wote," Nyamizi alimjibu.

Nyumbani mama alikuwa amepika. Alipoelezwa alinawa mikono. Alilifungua faili la plastiki, akaitia ndani barua ya kufukuzwa, akalifunga kifungo. Hizo mbili ndizo barua pekee za ajira zilizowahi kuingia nyumba ile, na zote zilikuwa na muhuri.

*

Ngozi ya mkoba si ngozi ya pampu. Ilivumilia miezi mitano, kisha ikaanza kuvujisha maji, na asubuhi moja mpini wa pampu ya Mabombani ukapanda na kushuka bila kutoa kitu. Watu walimwendea Nyamizi. Aliwaambia kwamba ngozi anaweza kuitafuta, lakini zile nati kubwa za chini hazifunguki kwa mikono, na spana ya kipimo hicho iko ofisi ya kata.

Siku ya tatu Devota mwenyewe alikuja, kwa mlango wa nyuma, na ndoo. Nyumbani kwao hawakuwa na maji ya kupikia. Alizungumza kuhusu jua, akazungumza kuhusu afya ya mama, kisha akauliza kama hakuna namna.

"Spana iko kwako," alisema Nyamizi. "Ulisaini mwenyewe."

Devota alieleza, na alieleza kama mtu aliyejieleza peke yake njia nzima, kwamba imefungiwa kabatini na ina namba, haitoki ila kwa fundi pampu aliyeajiriwa, na aliyeajiriwa ni yule kijana wa kata ya jirani, ambaye hapatikani kwa simu kwa kuwa anatafuta kazi. Nyamizi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua ndoo yake, akafunga mlango, akashika njia ya kisima cha mtoni, mwendo wa saa nzima, na Devota akamfuata nyuma kwa hatua kumi bila kualikwa.

Foleni ya mtoni ilikuwa ndefu, na kata nzima ilikuwepo. Kitambulisho cha kamba ya bluu hakikumpa Devota nafasi. Alisimama nyuma ya Nyamizi, ndoo kwa ndoo. Jua lilikuwa kali na hakuna aliyekuwa na hamu ya maneno.

Ndipo simu ya Devota ikalia mlio wa kikazi. Waziri alikuwa ameweka kitu kwenye ukurasa wake, na waratibu wote nchini walitakiwa wakipigie moyo ndani ya dakika tano, atakayechelewa ajieleze kwa barua. Devota aliitazama simu, akamtazama Nyamizi mgongoni. Akaifungua.

Ikatoka sauti ya maji, mengi, yakimwagika kwa nguvu, na vichwa vya foleni nzima vikageuka kutafuta yanatoka wapi. Kisha ikatoka sauti ya msichana, changa na yenye matumaini, ambayo Nyamizi hakuitambua mara moja kuwa ni yake.

"Naishukuru serikali yangu kwa kuniajiri. Nimeshaanza kazi, nina furaha, na maji haya ndiyo ushahidi."

Hakuna aliyecheka. Nyamizi aligeuka. Devota alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili na kidole gumba kimesimama juu ya kioo, macho yamejaa machozi. Walitazamana kwa mara ya kwanza tangu siku ya kikao, na kwa kitambo kidogo alikuwa ni yule Devota wa mkasi na mkoba. Nyamizi alingoja. Mimi nasema ukweli, alingoja, na laiti angefanyiwa jambo dogo tu, angelisamehe kubwa.

Dakika zilikuwa zinakwisha. Devota akabonyeza moyo.